Injini ya makopo, na kanuni moja ya moto

Matini ya mazungumzo. Yanasomwa na mtangazaji mmoja. Maneno yaliyo katika mabano ni maelekezo kwa fundi mitambo.

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA POLEPOLE, KISHA UNAZIMIKA.)

Jambo kwenu mlioko Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa na Mahama. Jambo kwa mama anayechambua maharage huku redio iko dirishani, na jambo kwa vijana mlioizunguka simu moja ili wote msikie.

Leo siongelei mgao, wala vitambulisho, wala majina yaliyobandikwa ubaoni. Leo nataka tuongee juu ya injini. Injini ndogo ya kukaa juu ya meza, iliyotengenezwa kwa makopo, spoki ya baiskeli na kipande cha glavu. Haivuti gari na haisagi mahindi. Lakini ukiiwekea moto chini na maji ya baridi juu, inazunguka yenyewe.

Kabla sijawaeleza jinsi inavyotengenezwa, nianze na ile ambayo haikuzunguka. Hiyo niliitengeneza mwenyewe, na iliumiza mtu.

Nilikuwa na miaka 13. Shuleni tulikuwa na kitabu chenye picha ya garimoshi la zamani, na mwalimu alitueleza kwamba lilikwenda kwa nguvu ya mvuke. Maji, moto, basi. Nikawaza, maji yapo na kuni zipo, kwa nini mimi nisiweze? Nyumbani mama alikuwa ameshapiga marufuku. Hakutaka kuona kopo, waya wala moto wa kuchezea. Alikuwa na sababu, kwa kuwa nyumba zetu zimebanana na cheche moja inaweza kuondoka na mstari mzima. Basi mimi na mdogo wangu, yeye akiwa na miaka 9, tukaenda kufanyia nyuma ya vyoo, mahali ambapo hakuna mtu mzima anayekaa.

Tulikuwa na kopo la maziwa ya unga, lile lenye mfuniko wa chuma unaokandamizwa. Tulitia maji nusu, tukagonga mfuniko kwa jiwe ukakaza, tukauzungushia waya na kuuziba kwa udongo. Katikati tulitoboa tundu na kuchomeka mrija wa kalamu ili mvuke utoke na kusukuma kigurudumu cha karatasi. Tukaliweka juu ya mafiga matatu.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mvuke ulitoka, karatasi ikatetemeka, mdogo wangu akacheka. Kisha mrija wa kalamu ukalainika kwa joto, ukajikunja, ukaziba. Mvuke ukaacha kutoka. Tulidhani moto umepungua. Yeye ndiye aliyeinama kuongeza kuni.

Mfuniko uliruka. Maji ya moto na mvuke vilimpata kwenye mkono wa kulia, kuanzia kifundoni mpaka kwenye kiwiko. Watu walikuja mbio. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alimpaka dawa ya meno mkono mzima. Tulipofika kituo cha afya ilibidi ile dawa ya meno ioshwe yote, na mtoto akalia mara ya pili kuliko mara ya kwanza. Bado naisikia sauti ile.

Alipona. Lakini kovu lipo mpaka leo, na kwa miaka mingi akiona kopo karibu na jiko alikuwa anatoka nje.

(KIMYA KIFUPI.)

Sasa nieleze kilichotokea, maana wakati ule sikukijua, na pengine yuko mtoto anayenisikiliza ambaye ameshachukua kopo mkononi.

Maji yakigeuka kuwa mvuke yanahitaji nafasi karibu mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Kikombe kimoja cha maji kinataka kuwa vikombe 1,600 vya mvuke. Kama pana njia ya kutoka, mvuke unatoka. Kama njia imezibwa, unabana, joto linaongezeka, unabana zaidi, na kopo halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Linashikilia, linashikilia, kisha linaachia mara moja. Halitoi onyo. Nanyi mlioko karibu ndio mnaopokea.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mazungumzo haya ni hii, na nitairudia kabla sijawaaga: usifungie maji juu ya moto. Si kwenye kopo, si kwenye chupa, si kwenye bomba. Watu wanaotengeneza mashine za mvuke wana matangi maalumu yenye valvu ya usalama, yaliyopimwa. Sisi hatuna.

Na mtu akiungua, mwagilia maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga, wala udongo. Vua pete au bangili mapema kabla mkono haujavimba. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza, na nenda kituo cha afya.

(MUZIKI MFUPI.)

Miaka ikapita. Mwaka niliomaliza sekondari nilipata ruhusa ya kwenda Kigali kwa majuma kadhaa, nikakaa kwa baba mdogo katika Rwezamenyo. Kwa wasiopajua, Rwezamenyo iko wilaya ya Nyarugenge, jirani na Nyamirambo na Biryogo. Ni upande wa mji ambako Kiswahili kimesemwa barabarani kwa vizazi. Pikipiki zinapanda na kushuka, chapati zinakaangwa asubuhi, na katika nyua za nyuma kuna mafundi wa kila aina.

Nyumba ya pili kutoka kwa baba mdogo alikaa mzee mmoja fundi wa vyerehani. Ameniomba nisimtaje jina, nami naheshimu. Mchana anatengeneza vyerehani vya watu. Jioni anafunga kazi ya pesa na kufungua kazi ya kupenda. Anatengeneza injini ndogo. Haziuzi. Amezipanga kwenye rafu juu ya kitanda chake, kama wengine wanavyopanga vikombe vya wageni.

Karakana yake ni chumba kimoja chenye dirisha moja. Ana jiliwa la kubania vyuma, tupa za ukubwa mbalimbali zinazoning'inia ukutani, na mashine ndogo ya kukereza, yaani ile inayozungusha chuma ili ukichonge kiwe mviringo. Hiyo haina umeme. Ameifunga juu ya meza ya cherehani cha zamani, anakanyaga kwa miguu kama anayeshona kanzu, huku shaba ya bomba bovu la maji inazunguka na kutoa nyuzi za njano. Nilisimama mlangoni mpaka akaniambia, "Kijana, ama ingia ama utoke, unaniziba mwanga."

Nikaingia.

Nilipoona injini ya kwanza ikizunguka juu ya kitaa kidogo, nilirudi nyuma hatua mbili. Aliliona hilo. Akaniuliza nimeungua wapi. Nikamwambia si mimi, ni mdogo wangu. Nikamsimulia yote. Hakunilaumu. Alisema tu, "Uliweka maji ndani. Hii haina maji ndani. Ndani kuna hewa."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza, nami nitawaeleza kama alivyonieleza.

Hewa ikipashwa joto inatanuka. Ikipozwa inasinyaa. Mmeshaona mpira ulioachwa juani unavyokaza, na usiku unavyolegea. Sasa chukua hewa, ifungie ndani ya kopo ambalo chini kuna moto na juu kuna ubaridi. Ukiweza kuihamisha hewa hiyo, ikae chini kidogo, kisha juu kidogo, kisha chini tena, itatanuka na kusinyaa kwa zamu. Tia ngozi ya mpira pembeni, nayo itavimba na kunywea kwa zamu, kama kifua kinachopumua. Funga ngozi hiyo kwenye gurudumu. Umepata injini.

Kinachohamisha hewa ni kitu chepesi kilichomo ndani ya kopo, kinachopanda na kushuka bila kugusa kuta. Mzee alikiita mhamishaji. Kikiwa chini, hewa inakimbilia juu kwenye ubaridi. Kikiwa juu, hewa inakimbilia chini kwenye joto. Chenyewe hakisukumi kitu. Kazi yake ni kuhamisha tu.

Injini ya namna hii haikubuniwa jana. Ilipewa hati ya ubunifu mwaka 1816, na aliyeibuni alikuwa mchungaji wa kanisa huko Uskoti, Robert Stirling. Mwaka 1818 injini yake moja ilifungwa kwenye machimbo ya mawe kupampu maji. Enzi zile matangi ya mvuke yalikuwa yakipasuka na kuua wafanyakazi, kama kopo letu lakini kwa ukubwa wa nyumba. Injini ya hewa haikuwa na tangi la kupasuka. Mpaka leo watu wengi wanaopenda kutengeneza injini ndogo nyumbani wanaanza na hii.

Na hiyo ya makopo ni salama zaidi, kwa kuwa ile ngozi ya mpira ni laini. Hewa ikizidi, mpira unavimba tu, na ikizidi zaidi unachomoka. Nguvu kubwa haipati mahali pa kujikusanya.

(MUZIKI MFUPI.)

Haya, chukueni karatasi. Vijana, huu ndio wakati wenu.

Kwanza, kopo. Tafuta kopo la chakula la gramu 400, kama la nyanya au maharage. Upana wake ni milimita 73 hivi. Upande wa chini uliofungwa kiwandani ndio utakaokaa kwenye moto. Upande huo usiwe na gundi wala tundu. Choma kopo tupu nje kwanza, rangi na uchafu viungue, ndipo ulitumie.

Pili, mhamishaji. Kunja waya laini wa kusugulia sufuria uwe kama mkate mdogo wa mviringo. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kuzunguka pande zote ili usiguse ukuta wa kopo. Urefu wake uwe karibu nusu ya kopo. Upitishie waya mwembamba katikati, na juu yake funga uzi wa nailoni wa kuvulia samaki.

Tatu, mfuniko. Kata bati la kopo lingine, toboa katikati tundu la sindano, pitisha ule uzi, na uufunge mfuniko kwa gundi kali ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Tundu likiwa kubwa, hewa itatoroka na utahangaika bure. Tone la mafuta ya kupaka litasaidia uzi kuteleza na kuziba.

Nne, mahali pa kupumua. Pembeni, karibu na juu, toboa tundu na ubandike kona ya bomba la plastiki ikitazama juu. Kwenye mdomo wake tandaza kipande cha glavu ya mpira, ufunge kwa uzi. Usikaze kama ngoma. Mpira uwe na ulegevu kidogo.

Tano, ubaridi. Zungushia juu ya kopo ukingo wa bati ili upate kijisahani, umimine humo maji ya baridi. Sikilizeni vizuri. Maji haya yako wazi, yako juu, hayafungiwi.

Sita, waya wenye viwiko. Nyoosha spoki ya baiskeli, uikunje iwe na viwiko viwili. Kiwiko cha kwanza kinavuta uzi wa mhamishaji, kina kina cha milimita 15 hivi. Kiwiko cha pili kinashikwa na kijiti kutoka kwenye mpira, nacho ni kidogo, milimita 5 au 6. Viwiko hivi havitazami upande mmoja. Kama kimoja kinaelekea saa sita kwenye uso wa saa, kingine kielekee saa tisa au saa tatu. Ni robo ya mzunguko. Mhamishaji lazima atangulie, mpira ufuate. Ukizungusha upande ambao mhamishaji anatangulia, injini itaendelea. Upande mwingine itakukatalia.

Saba, gurudumu. Bandika santuri tatu za CD zilizoharibika, moja juu ya nyingine, mwishoni mwa spoki. Uzito wake ndio unaobeba injini kuvuka pale ambapo nguvu haipo.

Kiunzi cha kushikilia spoki kinaweza kuwa vijiti viwili au kopo lililokatwa madirisha. Moto wake ni mishumaa miwili mifupi. Petroli hapana. Mafuta ya taa yaliyomwagwa kwenye kisahani hapana.

(KIMYA KIFUPI.)

Mimi niliitengeneza kwa siku nne. Siku ya tano nikawasha mishumaa, nikamimina maji, nikasukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka mara mbili na kusimama. Nikasukuma tena. Likasimama. Mara thelathini, likasimama. Nikamwambia mzee, imekufa.

Akanijibu, "Haijafa. Inakuambia kitu, na wewe hujaiuliza vizuri."

Akanifundisha kuiuliza. Injini hii ikikataa, makosa yake ni matatu tu. Ama inavuja, ama inakwaruza, ama viwiko havipo mahali pake. Usiguse yote kwa mara moja. Shika moja, lipime, liache, ndipo uende kwa lingine.

Kuvuja tulikupima kwa povu la sabuni, kama fundi wa baiskeli anavyotafuta tundu kwenye mpira. Tulipaka kila maungio, tukabonyeza ngozi ya glavu polepole. Povu lilitulia. Haivuji.

Kukwaruza tulikupima kwa kuondoa kijiti cha mpira na uzi wa mhamishaji, kisha kuzungusha gurudumu peke yake kwa kidole na kuhesabu. Lilizunguka mara 4 likasimama. Mzee akasema hapo ndipo pana ugonjwa. Spoki yangu haikunyooka. Ilikuwa inagusa kiunzi kila mzunguko. Niliinyoosha juu ya kioo cha dirisha, nikitazama mwanga unaopita chini yake, mchana mzima. Jioni lilizunguka mara 11.

Tukarudisha uzi, tukarudisha kijiti. Mishumaa. Maji. Kidole.

Haikusimama.

Sauti yake ni ndogo, taka-taka-taka, kama cherehani cha mtoto. Nilikaa mbele yake mpaka mishumaa ikaisha.

(MUZIKI MFUPI.)

Najua kuna mzazi anayesema sasa, kijana huyu anacheza. Injini isiyosaga, inasaidia nini?

Nijibu kwa habari ya fundi mwingine. James Watt alikuwa fundi wa vipimo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, hukohuko Uskoti. Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 kuelekea 1764 aliletewa kielelezo kidogo cha injini ya mvuke ya aina ya Newcomen, kilichotumika kufundishia wanafunzi, akitengeneze. Akakitengeneza, lakini kikawa kinapiga mapigo machache na kusimama. Kilikuwa kinakula mvuke wote. Wengi wangesema ni kidoli tu. Yeye alikaa nacho akikipima. Akagundua kwamba mtungi wa pistoni ulikuwa unapashwa joto na kupozwa kila pigo, kwa hiyo joto jingi lilipotea bure kuupasha mtungi upya. Mwaka 1765 akapata jibu: mvuke upozwe katika chombo kingine pembeni, mtungi ubaki na joto lake. Mwaka 1769 akapata hati ya ubunifu. Injini zilizoendesha viwanda vya dunia zilitokana na hapo. Kile kielelezo bado kipo katika makumbusho ya Hunterian, Glasgow.

Sisemi kila mwenye kopo atakuwa Watt. Nasema kitu kidogo kinaonyesha kosa waziwazi kuliko kikubwa. Injini kubwa ina nguvu ya kuficha uvivu wako. Injini ya mshumaa haina nguvu ya kuficha hata unywele.

Na sisi tunaotoka Kivu tusijifanye hatujui haya. Nani hajaona chukudu ikishuka na magunia kuelekea Goma? Ni pikipiki ya mbao isiyo na injini, inachongwa uani kwa panga na tezo, na inabeba mamia ya kilo. Goma wameijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Hakuna kiwanda kilichoibuni. Ni watu walioangalia mlima, mzigo na mti, wakapima kwa macho, wakakosea, wakarudia. Na kabla mtu hajachonga chukudu ya kazi, alichonga ndogo alipokuwa mtoto. Gari la waya analosukuma mtoto wako leo mlangoni ni la ukoo huohuo.

Kwangu mimi faida ni ndogo, na nitaisema bila kuipamba. Kinu cha kusaga karibu na kwetu kina injini ya dizeli. Zamani ikizimika nilisimama na wengine kwenye foleni tukilaumu. Sasa najua kuuliza. Hewa inaingia? Mafuta yanafika? Inabana? Injini ya dizeli haina cheche, inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo ikipoteza mbano hata ukimimina mafuta mengi haitawaka. Fundi wa kinu aliponisikia nikiuliza hivyo, alinipa spana nishike. Hajanilipa. Lakini sasa akifungua injini ananiita nitazame, na kutazama ni nusu ya kujifunza.

(KIMYA KIFUPI.)

Niliporudi kambini nilibeba injini ile katika boksi la viatu. Nilimwambia mama kilichomo. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Ina maji ndani?" Nikasema hapana, mama, ndani kuna hewa, maji yako juu, yako wazi. Akasema, "Basi uiwashe hapa mbele yangu. Si nyuma ya vyoo."

Wasikilizaji, maneno hayo nimeyafikiria sana. Mama hakuwa na kosa kutukataza zamani. Moto kambini si mchezo. Lakini katazo lile halikutuzuia, lilituhamisha tu. Lilitutoa machoni pa watu likatupeleka mahali ambapo mtoto wa miaka 9 anainama juu ya kopo na hakuna mtu mzima wa kumwambia, rudi nyuma. Kama siku ile angekuwepo mtu mmoja anayejua kanuni moja, mkono wa mdogo wangu ungekuwa mzima.

Mama alitoa kigoda nje, mbali na ukuta, akaweka beseni la maji kando yake, akaketi. Nikawasha. Injini ikaanza, taka-taka-taka. Watoto wakajaa. Mdogo wangu, ambaye sasa amenizidi urefu, alisimama kwenye mlango na hakutoka. Nilimaliza mishumaa ya kwanza, nikaweka mingine. Sikumwita.

Baadaye nilisikia mtu amechuchumaa kando yangu. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza mpira ule unavuta au unasukuma. Nikamwambia vyote viwili, kwa zamu. Injini ilikuwa imesimama kwa kuwa maji ya juu yalikuwa yamepata joto. Alimwaga yale ya moto, akamimina ya baridi kutoka kwenye beseni la mama, akanyoosha mkono wa kulia, ule wenye kovu, akalisukuma gurudumu.

(MUZIKI UNAANZA CHINI.)

Kwa hiyo, kabla sijawaaga.

Kwa watoto na vijana: usifungie maji juu ya moto, kamwe. Fanyia kazi nje, mbali na nyumba na mahema, siku isiyo na upepo, na pawe na maji au mchanga karibu. Awepo mtu mzima. Kingo za bati lililokatwa zinakata kama wembe, zikunje au zipige tupa.

Kwa wazazi: ukimwona mtoto na kopo na waya, kabla hujavitupa muulize swali la mama yangu. Ina maji ndani? Kisha toa kigoda.

Na kwa wazee mliokuwa mafundi huko tulikotoka, wa magari, wa vyerehani, wa saa, wa redio: mikono yenu bado inajua. Mtoto mmoja jioni moja anatosha kuanzia.

Mimi ni mtangazaji wenu. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda. Mbaki salama.

(MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNAZIMIKA.)